Bibi ana miaka 78 uso laini, mimi 46 makunyanzi tele. Ni liwa ama ni nini?

#1 MkeWaBondeni
Salaam wakuu. Kuna jambo linanikera tangu Jumamosi. Tulikuwa harusini huko Tudor, Mombasa, siku ya kupamba, wasichana wakatupiga picha, mimi nimekaa ubavuni mwa mamake mavyaa wangu, bibi wa miaka 78 na mvi zake. Usiku picha ikatumwa kwa grupu ya familia, kijana mmoja asiye na adabu akaandika "mashallah, mtu na dadake". Watu wakacheka, mimi pia nikaweka vicheko, kisha nikajifungia chooni na simu nikaikuza ile picha. Jamani! Bibi uso umetulia, mikunjo anayo ndio lakini ni ya kuhesabu, mashavu laini. Mimi paji lina mistari kama daftari, kando ya macho kumejikunja, na hapa kutoka puani kuja mdomoni kuna mitaro miwili, mvua ikinyesha inapitisha maji.

Kazi yangu nauza madera na leso, kibanda kiko nje hapo karibu na Markiti, mwaka wa 19 huu. Jumatatu nikapita duka moja la vipodozi, msichana akanishikisha kichupa kama cha dawa ya macho, elfu nne na mia tano, ati wiki mbili makunyanzi yote kwisha. Nimeacha elfu mbili arbuni. Sasa nauliza, nimalizie ama nikarudishe? Na hawa nyanya zetu walikuwa wakifanya nini hasa? Nimemuuliza bibi mwenyewe akanijibu, "Mwanangu, mimi hulala mapema."

#2 ViaziKarai
Hiyo simu ilikuwa na filta. Imemshika bibi ikakuruka wewe.

#3 MkeWaBondeni
@ViaziKarai nakuombea Mungu na wewe akufikishe 46.

#4 LiwaNaMsio
Jibu umeliandika mwenyewe kwenye kichwa cha uzi. Liwa, ule mti unaonukia. Nyanya yangu mzaa mama alikuwa na msio wake, lile jiwe la kusugulia, hakuna mtoto aliruhusiwa kuligusa. Kila jioni akishaoga anasugua kijiti cha liwa pale na marashi kidogo mpaka itoke uji, anapaka uso na shingo, anakaa barazani hadi ikauke ianze kupasuka. Alifariki na miaka 84 na ukimwangalia ungesema 60. Nyinyi siku hizi liwa ni ya bibi harusi siku tatu halafu basi, na hiyo yenyewe mnanunua ya unga iliyochanganywa na kitu kisichojulikana. Rudi uchukue elfu mbili yako.

#5 KemistiMakupa
Mimi niko nyuma ya kaunta ya kemisti mwaka wa 11 sasa wacha niseme ninayoyaona.

Hiyo wiki mbili ni uongo. Hakuna kitu cha kupaka kinachofuta mkunjo uliokaa miaka kumi kwa siku 14. Kinachotokea ni ngozi kunywa maji, ikifura kidogo ile mistari midogo inajificha, ukiacha kupaka inarudi, na kazi hiyo hata gliserini ya bei ya chini hufanya.

La pili ni jua. Kuna miale ya UVB, hii ndiyo inaunguza, na kuna UVA ambayo inaingia ndani zaidi mpaka kwenye ngozi ya chini yenye kolajeni, ile protini inayoishika ngozi, na zile nyuzi za kuivuta ngozi irudi ukiishika. UVA inazikata polepole, huungui, huhisi chochote, mpaka siku unaona picha ya harusi. Mawingu inapita, kioo inapita. Na sisi tuko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, saa sita mchana jua liko utosini, wewe uko kibandani miaka 19, hesabu mwenyewe.

Kama pesa lazima itoke basi asubuhi sanskrini, yale mafuta ya kukinga jua, SPF (namba ya kinga yake) 30 kwenda juu na iwe inazuia UVA pia, kiasi cha vidole viwili vilivyojaa kwa uso na shingo, sio kile kidoti watu wanapaka, na ukiwa nje urudie kila baada ya masaa mawili. Usiku retinoli, krimu ya jamii ya vitamini A. Hizo mbili ndizo zina ushahidi mzito, hayo mengine ni mapambo.

#6 MtotoWaMjiWaKale
@LiwaNaMsio ndugu yangu liwa naiheshimu lakini mnasahau kitu kimoja. Hao nyanya jua walikuwa wanaliona wapi? Nyumba zetu kuta nene, vichochoro vyembamba hadi nyumba moja inaitupia nyingine kivuli, mchana mtu yuko ndani, akitoka ni jioni na buibui lake, na lile la kamba la zamani alikuwa akilishika mbele hivi na uso wote unafichika. Miaka 60 bila jua usoni hata ungepaka unga wa ngano ungebaki laini.

#7 Wakanairobi
Mi niko Nairobi napita tu. Si tunaambiwa mtu mweusi hazeeki? Hizi sanskrini si za watalii wa Diani?

#8 KemistiMakupa
@Wakanairobi kuna ukweli nusu hapo. Melanini, ile rangi ya ngozi, inakinga. Kuna vipimo vya mwaka 1979, ngozi ya juu ya mtu mweusi ilitoa kinga kama SPF 13 hivi, ya mzungu kama 3. Kwa hivyo makunyanzi yetu huchelewa, mzungu anaweza kuyaona mapema sana kabla yako. Lakini 13 sio 50, na hiyo ni kwa mweusi haswa, hapa pwani tuko rangi zote kwenye familia moja. Halafu sisi jua hutuanza kwa njia nyingine, madoa, rangi kuwa kipande kipande, mashavu kushuka, mikunjo inafuata nyuma.

#9 MamaMwani
Mimi kwetu ni Kwale, mamangu ni mkulima wa mwani kule Kibuyuni. Maji yakitoka yuko baharini na kamba zake ameinama, jua la juu na lile linalorudi kutoka kwa maji linampiga chini ya kidevu. Ana 58 na uso umekunjana kama wa mtu wa 75, nasema ukweli na nampenda. LAKINI dadake mkubwa wanafanya kazi hiyo hiyo, wameanza pamoja, na khale uso wake hauna shida. Wote mwani, wote jua, wote samaki. Sasa @MtotoWaMjiWaKale utaniambia khale alikuwa na kichochoro baharini?

#10 MtotoWaMjiWaKale
@MamaMwani hapo umenishika. Ni damu basi.

#11 LiwaNaMsio
Khale hapaki liwa? Uliza vizuri.

#12 MamaMwani
Hapaki. Hupaka mafuta ya nazi ya kukamua mwenyewe na sabuni ya mwani wanayotengeneza wenyewe. Na mamangu naye hupaka hayo hayo 😂

#13 RodiYaMalindi
Wakuu mnisamehe mimi ni mwanaume mambo ya krimu sijui, lakini niliposoma kwa @KemistiMakupa kwamba inapita kwenye kioo nikaenda kwa kioo cha gari nikajiangalia. Mimi nashika matatu ya Mombasa Malindi mwaka wa 14. Shavu la kulia limekunjana na lina madoa, hapa kando ya jicho la kulia mistari mitano, kushoto miwili. Sijawahi kuona!

Sasa fikirieni. Asubuhi napanda kwenda Malindi, jua linatoka baharini, bahari iko kulia kwangu. Jioni narudi, jua linazama upande wa bara, na bara nikirudi ndiyo iko kulia kwangu. Hili jambo limeniingia kichwani nikiwa Kilifi nikacheka peke yangu abiria wakaniangalia vibaya. Yaani miaka 14 shavu la kulia halijapata likizo na la kushoto halijafanya kazi hata siku moja.

#14 ViaziKarai
Ndio maana abiria wazoefu wa hiyo barabara hukimbilia viti vya kushoto. Tulidhani ni joto, kumbe wanahifadhi uso.

#15 MwalimuMstaafu
@RodiYaMalindi hauko peke yako mwanangu. Kuna picha ilitoka mwaka 2012 kwenye jarida la madaktari, New England Journal of Medicine, mzee wa miaka 69 huko Marekani aliyeendesha lori la kusambaza mizigo miaka 28. Nusu ya uso ni ya mzee wa kawaida, nusu ya pili, upande wa kulia wa dirisha, ngozi imekuwa nene ina mifereji na vifuko. Hutoamini ni mtu mmoja.

#16 KemistiMakupa
Kushoto, mwalimu. Marekani dereva hukaa kushoto. Hiyo picha upande ulioharibika ni wa kushoto, wa Rodi ni kulia, na kila mmoja ni upande wa dirisha lake. Kioo cha pembeni kinazuia UVB nyingi lakini UVA kinaiachia.

#17 MwalimuMstaafu
Ahsante kwa kunisahihisha. Miaka 33 nimefundisha jiografia na bado nimeigeuza.

#18 MamaShadya
Mimi ndiye mke wa @RodiYaMalindi. Jana usiku amenisimamisha na tochi ya simu nimhesabie mikunjo, mimi nimetoka kupika pilau ya watu ishirini. Nawaambia hivi, huyu baba Shadya tangu anioe hulala ubavu wa kulia, ni sunna na simkatazi, lakini amekandamiza hilo shavu kwenye mto miaka 17 na akiamka lina chapa ya foronya mpaka saa nne. Jua gani hilo? Ni mto.

#19 RodiYaMalindi
Mama Shadya tafadhali.

#20 KemistiMakupa
😂 Lakini hana makosa. Mikunjo ya kulalia ipo kweli, ngozi ikikandamizwa upande mmoja miaka mingi inashika alama, na hiyo Botox, sindano ya kulegeza misuli, haiiondoi sababu haitoki kwa misuli. Inakaa zaidi kwenye paji na shavuni ikishuka wima hivi. Ile ya jua inaenda na madoa na ngozi kuwa kavu nene. Rodi ana madoa, kwa hivyo mimi naegemea jua.

#21 MamaShadya
Na mimi naegemea mto. Makanga wake hulala chali.

#22 ViaziKarai
Na makanga uso wake ukoje?

#23 MamaShadya
Huyo amekunjana pande zote. Muguka wa kutafuna na sigara.

#24 Wakanairobi
Muguka tena? Nyuzi za muguka hapa hufungwa.

#25 KhaleRukia
Wanaume wamechukua uzi na matatu yao, hebu turudi kwa mwenye swali. Mwanangu @MkeWaBondeni wewe una 46, damu inakuja sawasawa? Hakuna aliyekuuliza. Mimi uso wangu ulikuwa mzuri hadi 50, na jua langu ni lile lile, mafuta ni yale yale. Damu ilipokoma tu ndani ya miaka mitatu ngozi ikawa kama karatasi ya kufungia chapati, kavu, inawasha, na huku chini ya kidevu kukawa na kitambaa cha ziada. Nikamwambia daktari wa ngozi labda ni sabuni, akacheka, akaniambia homoni ya estrojeni ikishuka kolajeni inashuka nayo, miaka mitano ya kwanza mwanamke anaweza kupoteza kama asilimia 30, baadaye inapungua polepole. Asilimia 30! Hakuna mtu alituambia. Tuliambiwa joto la usiku na hasira basi.

#26 MkeWaBondeni
Khale mbona wanianika hadharani 🙈 Tangu mwaka jana yaja inaruka. Na ngozi kuwasha ninayo, nilidhani ni maji ya chumvi ya kisima.

#27 KhaleRukia
Haya basi. Maji ya chumvi pia hayasaidii.

#28 SupuMoto
Kolajeni ikipungua si mnairudisha? Supu ya mifupa, makongoro, kichwa cha samaki, chemsha masaa sita mpaka igande ikipoa. Ile inayoganda ndiyo kolajeni. Mimi na 51 nanywa kila asubuhi.

#29 KemistiMakupa
Inayoganda ni kolajeni iliyochemka ndio, lakini tumbo haliijui kama ya uso. Inasagwa vipande vidogo kama nyama yoyote, mwili unaamua upeleke wapi. Zile za unga za kununua kuna majaribio yanaonyesha ngozi kunyooka kidogo na unyevu kuongezeka, ila mengi yamelipiwa na wanaouza, kwa hivyo mimi mteja akiniuliza namwambia kama una pesa ya kuchezea. Supu kunywa, ni tamu.

#30 SupuMoto
Sawa daktari wa kaunta.

#31 TangaRaha
Habari za huko. Mimi nipo Tanga ila mama yangu ni Mngazija, naomba niwarekebishe kwenye liwa. Kwetu Ngazija wanawake wanapaka msindanu mchana kweupe, usoni wote mweupe wa njano, wanaenda nayo sokoni. Ni mti uleule wa kusugua kwenye jiwe, na mtu akikuuliza atakwambia ni urembo na pia ni kwa ajili ya jua. Ile tabaka yenyewe inafunika ngozi. Sasa nyinyi mnapaka jioni jua limeshazama halafu mnasema liwa ilizuia makunyanzi, hapo mimi nawashangaa kidogo.

#32 LiwaNaMsio
@TangaRaha jioni ngozi inapumzika inapokea. Mchana jasho lingeiondoa yote. Na pia ile harufu ni ya mume, mchana harufu unampelekea nani, wauza samaki?

#33 MtotoWaMjiWaKale
Amekushinda huyo wa Tanga kubali tu.

#34 SitajiTaji
Naandika hili kwa @MkeWaBondeni sababu hicho kichupa chako kimenikumbusha. Mimi miaka minne nyuma nilinunua kopo la "kurudisha ujana" kwa mtu anayechanganya mwenyewe, halina maandishi ila picha ya mwanamke wa Kikorea. Wallahi wiki ya kwanza nilikuwa nang'aa watu wananisimamisha njiani. Mistari ikapotea. Mwezi wa tatu kila mtu ofisini analitaka. Mwezi wa sita mashavu mekundu, mishipa inaonekana, nikisimama kwa jiko uso unawaka moto, nikiacha siku mbili natoka vipele uso mzima, nikirudia vinatulia. Nilikuwa mtumwa. Daktari akaniambia ile ilikuwa steroidi kali, ngozi imekonda. Ilinichukua mwaka na nusu kutoka. Nina makunyanzi sasa ambayo sikuwa nayo kabla ya hilo kopo.

#35 KemistiMakupa
Hili msomeni mara mbili. Kitu kikifanya kazi haraka mno kwa makunyanzi, ulizeni ndani kuna nini. Steroidi inatuliza na kung'arisha mwanzoni halafu inakula ngozi. Nyingine ni haidrokwinoni, dawa ya kung'arisha ngozi, bila kipimo, na mbaya zaidi ni zebaki, hiyo inaingia mwilini hadi kwenye figo. Ule mkataba wa kimataifa wa zebaki, wa Minamata, wa 2013 uliweka mpaka wa miligramu 1 kwa kilo kwenye vipodozi, na 2023 nchi zikakubaliana kuziondoa kabisa zenye zebaki. Kopo lisilo na orodha ya vilivyomo liache hapo hapo. @MkeWaBondeni kichupa chako kimeandikwa nini?

#36 MkeWaBondeni
Nimeenda kuangalia. Kimeandikwa "ujana", maua, na maandishi ya lugha nisiyoijua. Orodha hakuna. Nimeomba arbuni yangu, msichana amesema pesa ikiingia haitoki ila naweza kuchagua kitu cha elfu mbili. Nimetoka na sabuni tatu na kitana. Basi.

#37 ViaziKarai
Kitana kinasaidia makunyanzi ukikivuta nywele kwa nguvu nyuma.

#38 NyaliYaJuu
Mnazunguka sana. Botox. Sindano, unajazwa pale palipobonyea, umemaliza.

#39 NesiMstaarabu
@NyaliYaJuu Botox haijazi. Inalegeza misuli isikunje ngozi, kwa hivyo ni ya mistari ya kukunja uso, paji, kati ya nyusi, kando ya macho. Kwa urembo iliidhinishwa Marekani 2002 na ilianza na zile za kati ya nyusi. Ya kujaza ni fila, kitu kingine kabisa, na hiyo ikidungwa kwenye mshipa wa damu na mtu asiyejua inaweza kuua nyama ya hapo au hata kupofusha jicho. Botox nayo inashika miezi mitatu minne halafu unalipa tena. Mimi nimeshaona mama ameenda kudungwa nyumbani kwa mtu, kope moja ikashuka, wiki sita anaonekana anamkonyezea kila mtu sokoni.

#40 RodiYaMalindi
Nina abiria mmoja wa Mtwapa sasa nimemuelewa.

#41 BintiMakadara
Swali kabla sijanunua. Hii sanskrini kutawadha inakuwaje? Ikiwa haipiti maji udhu si haujapita? Na nikirudia kila masaa mawili, adhuhuri, alasiri, nitakuwa naosha na kupaka siku nzima.

#42 MwalimuMstaafu
Swali zuri, muulize sheikh wako. Binti yangu hutawadha kwanza halafu anapaka, udhu ukivunjika anaosha uso vizuri kwa sabuni anatawadha anapaka tena. Yaani amegeuza swala ndiyo saa yake ya kurudia.

#43 BintiMakadara
Hiyo nimeipenda. Nyingine, niliyojaribu iliniacha mweupe kama nimetoka kukanda mahamri.

#44 KemistiMakupa
Hizo za zinki na titani huacha weupe kwa ngozi zetu. Tafuta zile za kemikali au zenye rangi ya kahawia ndani, na hizo za rangi zikiwa na oksidi ya chuma zinasaidia na madoa pia.

#45 LiwaNaMsio
Hivyo vyote ni utafiti wa wazungu. Nionyesheni mmoja tu uliofanywa Mombasa.

#46 KemistiMakupa
Wa Mombasa sina. Ninaoujua mzuri ni wa Australia, mji unaitwa Nambour, ulitoka 2013. Watu 903 chini ya miaka 55, nusu waliambiwa wapake sanskrini kila siku, nusu wapake wanavyotaka, miaka minne na nusu. Waliopaka kila siku, ngozi yao ya mkononi ilizeeka asilimia 24 chini ya wengine. Wazungu ndio, nakubali. Lakini jua la Australia na letu ni ndugu.

#47 LiwaNaMsio
Jua ndugu, ngozi sio ndugu. Umesema mwenyewe huko juu, 13 na 3.

#48 MtotoWaMjiWaKale
Eeh hapo kemisti kajifunga bao.

#49 KemistiMakupa
😅 Sawa, ni sare, moja kwa moja.

#50 BintiMakadara
Na ile retinoli mbona hujaieleza? Mimi nilipaka siku nne mfululizo nikabanduka kama nyoka nikaitupa.

#51 KemistiMakupa
Ulianza vibaya ndio maana. Punje moja tu kama choroko kwa uso wote, usiku, mara mbili kwa wiki, ngozi ikizoea unaongeza. Ukiona kavu unapaka mafuta yako kwanza halafu yenyewe juu. Miezi mitatu ndio utaanza kuona kitu, sita ndio utaamini. Mjamzito au anayetafuta mimba asiguse. Yenye nguvu ni tretinoini, hiyo ni ya cheti cha daktari. Ilikuwa dawa ya chunusi, halafu daktari mmoja Mmarekani, Albert Kligman, akaona wagonjwa wake watu wazima wanasema ngozi imenyooka, akaifuatilia, majibu yakatoka 1986. Tangu hapo dawa za kupaka zimekuja nyingi lakini hii haijang'oka kwenye kiti.

#52 DaktariWaMitiShamba
Mnatupa pesa. Ndimu na asali, paka asubuhi, toka nje.

#53 NesiMstaarabu
Jamani HAPANA. Ndimu na jua inaunguza, malengelenge halafu doa jeusi la miezi. Wauza maji ya ndimu mikono yao mmeiona?

#54 DaktariWaMitiShamba
Basi asali peke yake.

#55 KetoMama
Na mimi niongeze, nimepunguza kilo 17 mwaka huu, nguo zinanitosha zote, uso umezeeka miaka kumi. Mafuta ya mashavu ndiyo yalikuwa yananyoosha. @MkeWaBondeni huyo bibi ni mnene?

#56 MkeWaBondeni
@KetoMama ana mashavu yake ya kushika, eeh.

Sasa sikilizeni. Leo nimepeleka samaki kwa bibi nikakaa naye barazani, nikamuuliza moja kwa moja kama mlivyonituma. Nikamwambia bibi, liwa ulikuwa ukipaka kila siku? Akasema yeye liwa haipaki, harufu yake inamuumiza kichwa. Alikuwa AKIIUZA. Kikapu kichwani, liwa, udi, marashi, tangu Bondeni mpaka Makadara mpaka huku Majengo nyumba kwa nyumba, kuanzia saa tatu asubuhi hadi adhuhuri ndiyo anarudi, miaka zaidi ya ishirini. Jua lote hilo alikuwa nalo.

#57 ViaziKarai
😂😂😂 Liwa imeanguka na kichochoro kimeanguka siku moja.

#58 LiwaNaMsio
Aliishika na mikono kila siku. Akijifuta jasho inaingia usoni.

#59 MtotoWaMjiWaKale
Alikuwa amevaa buibui?

#60 MkeWaBondeni
La kamba, ndio. Na kikapu juu.

#61 MtotoWaMjiWaKale
Kikapu kinatupa kivuli! Kikapu kipana kichwani ni mwavuli! Nimerudi mchezoni.

#62 KhaleRukia
Muulize damu ilikoma na miaka mingapi.

#63 MkeWaBondeni
Khale hilo sitamuuliza mamake mavyaa wangu.

#64 KemistiMakupa
Umeamua nini lakini wewe?

#65 MkeWaBondeni
Nimenunua sanskrini jana, elfu moja mia tatu, na turubai pana la kibanda maana lile la zamani lilikuwa linafunika nguo tu mimi nimekaa nje. Retinoli nasubiri mwisho wa mwezi. Na @LiwaNaMsio usinune, bibi kanipa msio wake wa zamani na vijiti viwili vilivyobaki, nitapaka Alhamisi jioni kwa ajili ya ile sababu yako nyingine.

#66 RodiYaMalindi
Na mimi nimeweka pazia dirishani. Askari wa barabarani kanisimamisha Mtwapa akasema nitoe. Nimemwonyesha shavu. Ameniambia nitoe.

Dada @MkeWaBondeni swali la mwisho, ni la nyumbani kwangu hili, tumewekeana biriani. Bibi hulala ubavu gani?

#67 MkeWaBondeni
Nimempigia sasa hivi nikamuuliza. Amesema mapema.